Insulini ina chembe, chanjo imeganda, povu halitulii: jinsi ya kutafuta tatizo la dawa za kibayolojia hapa Dodoma

Oktoba ikifika, jua la Dodoma likianza kuchoma mpaka bati linalia, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nesi, joto hili halijaiua insulini yangu?" Ni swali zuri. Ila katika vichupa vilivyoharibika ambavyo nimevishika kwa mikono yangu, vingi havikuuawa na jua. Viliuawa na barafu ya friji, au na mkono uliotikisa kwa nguvu, au na maji yasiyo yake. Joto tunaliogopa kwa sababu tunalisikia mwilini. Haya mengine hayasikiki.

Insulini, chanjo, dawa ya sumu ya nyoka, sindano za kingamwili za saratani na za baridi yabisi, zote zimetengenezwa kwa kutumia viumbe hai au sehemu zao, na nyingi ni protini. Protini ni kama ute wa yai. Ukiupika haurudi kuwa ute. Ukiupiga kwa uma unageuka povu. Ukiugandisha ukauyeyusha, hauwi kama ulivyokuwa. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa dalili ambazo watu wanaziona, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi.

Insulini ina chembe, au kichupa kimefanya utando mweupe ndani

Kwanza jua una insulini ipi. Ile ya maji, inayofanya kazi haraka, lazima iwe angavu kabisa. Glargini, ile inayofanya kazi kwa muda mrefu, nayo ni angavu. Ile ya maziwa, kama Mixtard, hujitenga yenyewe ikikaa: unga mweupe chini, maji juu. Kujitenga huko ni kawaida yake, siyo ugonjwa.

Sababu ya kwanza, na ndiyo nyepesi: haijachanganywa. Laza kichupa kati ya viganja, kiviringishe taratibu mara kumi hadi ishirini, kisha kipindue juu chini mara chache. Ikiwa nyeupe sawasawa kote, bila punje, endelea kuitumia. Usikitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Sababu ya pili: iliganda. Hapa nikae kidogo, maana ndiyo inayotuumiza.

Alikuja bibi mmoja kutoka upande wa Mvumi, kaletwa na mjukuu wake. Sukari ilikuwa juu wiki ya pili mfululizo, na yeye hakuwa amekosa sindano hata siku moja. Kichupa alikifunga kwenye pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Hii dawa unaiweka wapi?"

"Kwa jirani mwenye friji. Namwambia aiweke pale juu kabisa, kwenye ubaridi mzuri."

Nilikiviringisha kichupa, nikakiinua dirishani. Maziwa hayakurudi kuwa maziwa. Zilielea punje kama za uji wa mtama uliokosa moto, na juu ya usawa wa dawa, kwenye kioo, zilibaki punje zimeng'ang'ania kama chumvi kwenye sufuria iliyokauka. Pale juu kabisa kwa jirani palikuwa ndani ya friza. Bibi alikuwa anachoma kipimo kamili cha dawa ambayo nguvu yake ilishaondoka, na jirani alikuwa anamsaidia kwa moyo safi.

Ukiona punje zisizoyeyuka, au utando kama ukungu wa baridi kwenye kioo, kichupa hicho hakitumiki tena. Na hili lishikwe: insulini iliyoganda ikayeyuka inaweza kuonekana nzuri kabisa kwa macho. Ukijua iliganda, iache, hata kama inang'aa.

Namna rahisi ya kupima friji ya nyumbani ni hii. Chukua kipimajoto kidogo cha friji, kitumbukize kwenye glasi ya maji, uiweke rafu ya katikati, uisome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Unataka kati ya nyuzi 2 na 8. Kama huna kipimajoto, weka kichupa kidogo cha maji pale pale dawa inapokaa. Ukikuta vipande vya barafu asubuhi, mahali hapo hapafai. Usiiegemeze kwenye ukuta wa nyuma, usiiweke chini ya friza, wala kwenye mlango unaofunguliwa kila saa. Kuna jambo ninaliona kila mwaka: watu wanazungusha kitufe cha friji hadi mwisho mwezi wa kumi, kisha wanakisahau. Juni na Julai upepo wa Dodoma unapokuwa wa baridi, friji ile ile inaanza kugandisha.

Sababu ya tatu: mchanganyiko wa sindano. Anayechanganya insulini mbili kwenye bomba moja avute ya maji kwanza, ya maziwa baadaye. Ukianza na ya maziwa, tone litaingia kwenye kichupa cha maji na kukifanya kiwe na ukungu. Glargini haichanganywi na nyingine yoyote kwenye bomba moja.

Ya mwisho ni umri na joto. Insulini ya maji ikigeuka kuwa ya njano au ya kahawia, iweke pembeni.

Kwa wasio na friji, nchi yetu kavu ina faida yake. Chungu ndani ya chungu, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini penye upepo: maji yakikauka yanavuta joto, na ndani panakuwa pa baridi kuliko chumba. Kuanzia Mei hadi Novemba hapa Dodoma njia hii inafanya kazi vizuri kuliko Dar es Salaam yenye unyevu hewani. Masika yakikolea nguvu yake hupungua. Dawa ifungwe kwenye mfuko wa plastiki isilowe, na mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni. Chungu hakifikishi nyuzi 2 hadi 8, hivyo ni kwa kichupa unachokitumia sasa, siyo akiba ya miezi mitatu. Akiba iombewe nafasi kwenye jokofu la kituo cha afya.

Sukari haishuki, na kipimo ni kile kile

Watu hukimbilia kulaumu dawa. Anza na ngozi. Pitisha vidole pale unapochoma kila siku, tumboni au pajani. Ukikuta uvimbe laini kama mto mdogo, hapo ndipo tatizo lilipo mara nyingi: insulini inaingia kwenye mafuta yaliyovimba na inanyonywa vibaya, leo kidogo, kesho nyingi. Hamia eneo jingine, na uzungushe maeneo. Lakini mwambie daktari kabla, kwa sababu ngozi nzima hunyonya vizuri zaidi na kipimo kile kile kinaweza kukushusha sukari ghafla.

Kisha angalia kama insulini ya maziwa inachanganywa kila mara. Asiyeviringisha anavuta maji leo na unga wiki ijayo.

Kisha hesabu siku. Kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 20 kwa siku atakimaliza kwa siku 50, wakati insulini nyingi zikishafunguliwa hupewa takriban wiki 4, na baadhi hadi 6, kadiri karatasi ya ndani ya boksi inavyosema. Ina maana mtu mwenye kipimo kidogo anabaki na dawa ambayo muda wake umeisha na bado imejaa nusu. Najua inauma kuitupa. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa kalamu siku ile ile, na ukiwa kliniki uliza kama kuna kichupa kidogo au kalamu ya kuchomea insulini ya mililita 3 inayokufaa.

Kisha joto. Watengenezaji wengi wanaruhusu kichupa kinachotumika kikae nje ya friji chini ya nyuzi 25 au 30. Kilichoachwa juu ya dashibodi ya daladala, kwenye boksi la bodaboda, au dirishani linapopiga jua la saa nane, kimevuka hapo kwa mbali. Kwa safari ya basi, dawa ibebwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti. Ukitumia boksi la barafu, funga dawa kwa taulo isigusane na barafu, vinginevyo unarudi kwenye tatizo la bibi yetu.

Mwisho bomba. Insulini yenye yuniti 100 kwa mililita huvutwa kwa bomba lililoandikwa U-100. Ingiza hewa kwanza kwenye kichupa kiasi sawa na dawa utakayovuta, na utoe mapovu kabla ya kuchoma.

Simama hapa, acha kuchunguza kichupa: mgonjwa akianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka na kwa kina, pumzi kunukia kama matunda, au kusinzia, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Usiongeze kipimo mara mbili nyumbani kwa kukisia. Kwa mtoto, usisubiri hata dalili mbili.

Kipimajoto cha jokofu la chanjo kimeshuka

Hii ni ya wenzangu wa zahanati. Chanjo zinazoogopa barafu ni penta (chanjo tano katika sindano moja), ya nimonia, ya polio ya sindano, ya HPV (virusi vya saratani ya shingo ya kizazi), ya pepopunda na ya homa ya ini B. Ile ya homa ya ini B huganda kwenye nyuzi takriban -0.5, kwa hiyo kushuka kidogo tu chini ya sifuri kunatosha. Ya polio ya matone, ya surua-rubela na BCG (ya kifua kikuu) haziumizwi na barafu zikiwa bado hazijachanganywa, ila joto linazimaliza, na mbili hizi za mwisho zinaumizwa pia na mwanga.

Chanzo cha mara nyingi ni aisipaki, vile vifurushi vya barafu, zilizotolewa friza na kuingizwa moja kwa moja kwenye kibebeo, yaani boksi la kubebea chanjo. Ziache mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Siku ya kupeleka huduma ya mkoba, yaani chanjo za vijijini, Chemba au Bahi, watu wana haraka alfajiri na hatua hii ndiyo inayorukwa. Pili, vichupa kugusa ukuta unaogandisha. Tatu, kitufe kurekebishwa na mtu asiyehusika. Nne, jokofu lenyewe limeharibika.

Kama kichupa kimekuwa barafu ngumu, hakuna kipimo cha kufanya: kiondoe. Kama una wasiwasi tu, fanya kipimo cha kutikisa. Chukua kichupa kimoja cha chanjo hiyo hiyo, mtengenezaji huyo huyo, namba ya toleo hiyo hiyo, kiandike "KIMEGANDISHWA" ili asitokee wa kukitumia, kigandishe usiku kucha, kisha kiache kiyeyuke chenyewe. Kishike hicho pamoja na kile unachokitilia shaka kwa mkono mmoja, tikisa sekunde 10 hadi 15, uviweke mezani mbele ya macho yako, usiondoke kwa nusu saa. Hapa ndipo mtu hujionea. Kile kilichogandishwa kinaanza kushusha mawingu ya unga, mabonge mabonge, na juu panabaki maji maangavu. Kizima kinabaki na ukungu wake taratibu. Kichupa unachokitilia shaka kikishuka polepole kuliko kile kilichogandishwa, kinatumika. Kikishuka sawa nacho au haraka zaidi, kundi lililopata baridi ile lote linatolewa. Kipimo hiki hakitumiki kwa polio, iwe ya matone au ya sindano, wala kwa chanjo za unga.

Hapo mpigie mratibu wa chanjo wa wilaya kabla ya kuteketeza chochote. Usimchome mtoto "kwa sababu mama ametoka mbali". Chanjo iliyoganda haimkingi, na uvimbe anaweza kuupata.

Upande wa joto, soma VVM, kile kiashiria cha joto kwenye lebo. Mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, tumia. Ukilingana nalo au ukiwa mweusi zaidi, acha. VVM haijui habari za barafu. Kichupa kilichoganda kinaweza kuwa na mraba mweupe kabisa.

Chanjo ya unga imechanganywa, kuna shaka

Sababu zote hapa ni za mkono, na ndizo zinazoua. Mwaka 2014 nchini Syria watoto 15 walikufa baada ya chanjo ya surua kuchanganywa na dawa ya kulegeza misuli inayotumika chumba cha upasuaji, kwa kudhaniwa ni maji yake. Mwaka 2017 Sudan Kusini watoto 15 walikufa baada ya bomba moja la sindano kurudiwa kwa watoto wengi na chanjo kukaa siku kadhaa bila ubaridi.

Kwa hiyo: dawa za usingizi na za kulegeza misuli zisikae jokofu moja na chanjo, hata kwa saa moja. Kila chanjo ina maji yake ya kuchanganyia kutoka mtengenezaji wake, nayo yapozwe hadi nyuzi 2 mpaka 8 kabla ya kuchanganya. Andika saa ya kuchanganya kwenye kichupa. BCG na surua-rubela zikifikisha saa 6 tangu kuchanganywa, au kikao kikiisha mapema zaidi, zinatupwa. Kama huwezi kusema kwa uhakika ni saa ngapi ilichanganywa, au lebo ya maji haisomeki, usichome.

Povu halitulii, unga hauyeyuki

Hili ni la dawa ya sumu ya nyoka ya unga na kingamwili kama trastuzumabu ya saratani. Sababu kuu ni kutikisa. Ya pili ni maji yaliyopigwa kwa kasi katikati ya unga. Ya tatu ni haraka tu.

Elekeza maji yatiririke polepole kwenye ukuta wa kichupa, kisha kizungushe mezani kwa duara kama unavyozungusha kikombe cha chai kukoroga sukari bila kijiko. Kiache kitulie dakika tano, povu lishuke. Dawa ya nyoka inaweza kuchukua dakika kumi au zaidi kuyeyuka, na dakika kumi ni ndefu sana mtu aliyeumwa na kifutu akiwa analia kitandani na ndugu wamejaa mlangoni. Anza kuyeyusha vichupa viwili vitatu kwa pamoja, kila kimoja na mtu wake. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, iwe imeshavutwa kabla tone la kwanza halijaingia.

Baada ya kutulia, inua kichupa kwenye mwanga. Ukiona vijinyuzi, vipande au weupe usioondoka, usichuje kwa pamba wala kitu chochote ukaendelea. Mpigie mfamasia.

Dripu ya kingamwili ina vijinyuzi au ukungu

Angalia kwanza maji uliyotumia. Trastuzumabu huchanganywa kwenye maji ya chumvi ya 0.9% tu. Ukiweka kwenye glukosi, protini zinashikana. Rituksimabu, kingamwili nyingine, inavumilia zote mbili, na hapo ndipo mazoea hudanganya. Infliksimabu inataka chumvi ya 0.9% na mrija wenye chujio la mikroni 1.2 au dogo zaidi, na dripu ianze ndani ya saa 3 tangu kuchanganywa. Usipitishe dawa nyingine kwenye mrija huo huo. Ukishaona vijinyuzi, funga mrija, usiupige vidole ili viyeyuke, uuhifadhi mfuko wote kama ulivyo kwa ajili ya mfamasia.

Mgonjwa anatetemeka, anawashwa, anakosa pumzi

Funga dawa isiendelee kuingia. Usianze kutafuta kosa la maandalizi wakati huu. Acha mshipa wazi kwa chumvi ya 0.9% kwa mrija mpya, pima presha na mapigo, ita daktari. Koo likibana, presha ikishuka au pumzi ikikata, mtu mzima apewe adrenalini ya 1:1000, nusu mililita, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kutetemeka na homa kidogo katika dripu ya kwanza ya kingamwili hutokea bila dawa kuwa mbovu, lakini uamuzi wa kuirudisha kwa kasi ndogo ni wa daktari. Kisha hifadhi kichupa na namba ya toleo, ujaze fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Umeme umekatika

Usifungue jokofu. Bandika karatasi mlangoni, andika saa umeme ulipokatika na nyuzi zilizosomeka wakati huo. Soma kipimajoto cha nje bila kufungua, kila saa. Nyuzi zikikaribia 8, hamishia chanjo kwenye kibebeo chenye aisipaki zilizoanza kuyeyuka. Umeme ukirudi usiende kulala mara moja: jokofu litafanya kazi mfululizo kujipoza, na vile vichupa vilivyo karibu na ukuta vinaweza kuganda saa ile ile unayodhani hatari imepita. Soma tena baada ya saa moja, na baada ya saa mbili, uandike kwenye karatasi ile ile. Asubuhi mwenzako wa zamu asichome chochote mpaka ameisoma.